Mwongozo Kamili: Kocha wa Chuo Ajikinge Vipi na Maambukizi ya Damu Uwanjani

Makocha wa vyuo hapa Tanga hawakwami kwa kutojua kwamba damu ina hatari zake. Hilo kila mmoja analijua. Wanakwama mahali pamoja, tena kila msimu: kijana anapasuka nyusi, kocha anakimbilia uwanjani mikono mitupu, anachovya kitambaa kwenye ndoo ya benchi, anafuta damu, anakikamua, anakirudisha ndooni. Nusu saa baadaye maji yaleyale anamwagiwa mchezaji mwingine kwenye goti lililochubuka. Glavu zipo, lakini zimefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko Muheza msibani.

Wasomaji wengi walioniuliza kuhusu jambo hili tayari walikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Walichokosa ni mpangilio: nani anagusa, anagusa kwa kutumia nini, kila kilichotumika kinaishia wapi, na damu ikimrukia kocha jichoni aende wapi kabla muda haujampita. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Nimeuandika kwa kocha wa mpira wa miguu, pete, kikapu, wavu na ngumi, katika chuo chenye uwanja wa vumbi na fungu dogo la michezo, maana ndivyo vyuo vyetu vingi vilivyo.

Ukitaka jambo moja tu la kuondoka nalo leo kabla hujasoma mengine, ni hili: mkono wa kwanza kugusa kidonda uwe wa mwenye kidonda.

## Unajikinga na nini hasa

Virusi ni vitatu: vya homa ya ini B, vya homa ya ini C, na VVU. Ngozi nzima isiyo na mchubuko huvizuia vyote. Vinaingia kupitia kidonda ulicho nacho, kwa kuchomwa na kitu chenye ncha, au kwa damu kurukia macho, pua au mdomo.

Makocha wengi wanaogopa VVU na kuisahau homa ya ini B. Hesabu ziko kinyume na hofu hiyo. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 kwa 1,000. Damu hiyo ikimrukia jichoni au mdomoni, ni takriban 1 kwa 1,000. Kwa homa ya ini B, asiye na chanjo akichomwa na sindano ya namna hiyo, uwezekano unaanzia 6 na unaweza kufika 30 kwa 100. Tena virusi vyake hudumu siku 7 au zaidi juu ya kitu kikavu: benchi, mkasi, kinga ya meno.

Takwimu hizo ni za sindano za hospitalini. Uwanjani hatari ni ndogo kuliko hapo, ila mpangilio haubadiliki: homa ya ini B iko mbele. Katika timu moja ya chuo kikuu nchini Japani iliyocheza mpira wa miguu wa Kimarekani, wachezaji 11 kati ya 65 waliambukizwa homa ya ini B ndani ya miezi 19. Hiyo ni timu ya vijana wa chuo kama wako.

Jasho lisilo na damu, kupeana mikono, kukumbatiana baada ya bao: hayo yasikupe wasiwasi. Na hofu isikufanye umwache kijana anavuja damu.

## Mahitaji

Nunua vyote kabla ya msimu kuanza. Sehemu kubwa utaipata famasi yoyote ya mjini, na vilivyobaki Ngamiani sokoni.

Vya kwenye sanduku la uwanjani:

- Glavu za kutupwa, jozi 20 au zaidi, za saizi mbili. Zile za kawaida za uchunguzi zinatosha.
- Gozi (vitambaa laini vya kubania na kufunikia vidonda), bandeji za kuviringisha, na plasta pana zisizopitisha maji.
- Miwani ya kinga na barakoa chache.
- Chupa ya plastiki ya kuminya yenye tundu dogo, na maji safi ya chupa yasiyofunguliwa.
- Sabuni ya maji, na sanitaiza yenye kilevi cha asilimia 60 au zaidi.
- Mkasi wenye ncha butu. Wembe usiwemo.
- Rola la karatasi za kufutia.
- Mifuko ya taka. Iliyopigwa marufuku mwaka 2019 ni ile ya kubebea bidhaa. Ya taka bado inauzwa.

Vya stoo: jiki, ndoo mbili zilizoandikwa USAFI kwa rangi isiyofutika, glavu nene za mpira, brashi, koleo, na chupa tupu ya jiki yenye mfuniko wake kwa ajili ya vitu vyenye ncha kali.

Mhasibu akikuuliza kwa nini chuo kinunue, mjibu kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Uwanja ni mahali pako pa kazi.

## Hatua ya 1: Pima, kisha chanja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Glavu hupasuka. Chanjo ya homa ya ini B haipasuki.

Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002. Kocha aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na hao ndio wengi wa walimu wa michezo leo. Usijidanganye kwamba "mimi nilichanjwa zote nikiwa mdogo."

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kituo kinachotoa huduma hiyo karibu nawe. Omba kupimwa homa ya ini B kwanza. Sababu ni rahisi: aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimsaidii, anahitaji kliniki na ufuatiliaji, na wengi hawajui hali zao kwa kuwa ugonjwa huu hukaa miaka bila dalili.

Ukikutwa huna maambukizi, utapata dozi 3: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza.

Hapa ndipo watu wanaanguka. Wanapata ya kwanza, wanapata ya pili, halafu mwezi wa sita unakuta mitihani na mashindano, dozi ya tatu inasahaulika. Ikikutokea hivyo, usianze upya. Endelea ulipoachia, hata kama miezi imepita.

Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, omba kipimo cha kinga. Kikionyesha 10 au zaidi, mwili wako umeitikia. Kikiwa chini ya hapo, rudi kwa daktari akupangie dozi nyingine.

Homa ya ini C na VVU havina chanjo. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinakuhusu hata ukiwa umekamilisha dozi zote.

Utajua umefanikiwa ukiwa na kadi yenye tarehe tatu na jibu la kipimo cha kinga. Ipige picha uitunze kwenye simu, utaihitaji Hatua ya 9.

## Hatua ya 2: Chagua watakaogusa, na uwataje kwa majina

Timu isiyo na mtu maalumu wa kushughulikia damu inakuwa na watu kumi wa kuishughulikia. Kila mwenye huruma anakimbilia majeruhi: nahodha, kipa wa akiba, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, hata mpiga picha.

Chagua watu wawili tu kwa kila timu, wewe na mwingine mmoja. Huyo mwingine naye achanjwe. Watangaze mbele ya wachezaji wote mazoezini, na wengine waelezwe wazi kwamba kazi yao ni kuita, kuleta sanduku na kutoa nafasi.

Kabla ya kila mazoezi, wagusaji hawa watazame mikono yao. Mchubuko wowote, hata wa kung'oa ukucha, ufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji. Mwenye pumu ya ngozi au ukurutu uliopasuka mikononi asiwe mgusaji mpaka apone.

Sanduku nalo lina adabu yake. Ufunguo uwe kwako, usiwe kwa mtu wa stoo. Siku ya mechi sanduku liwe wazi chini ya benchi, kivulini. Usiache glavu kwenye buti ya gari wala chini ya kiti cha bodaboda kipindi cha kaskazi. Joto letu hili huzilegeza, na glavu iliyolegea inachanika vidoleni wakati wa kuivaa. Weka jozi moja mfukoni mwako muda wote wa mchezo.

## Hatua ya 3: Ondoa ndoo ya pamoja

Nitasema bila kuzunguka: ndoo yenye kitambaa au sifongo kimoja kwa timu nzima iondoke leo.

Kati ya 1957 na 1963, mamia ya wakimbiaji wa mashindano ya msituni huko Sweden waliugua homa ya ini. Matawi yaliwachana miguu, wakamaliza mbio, wakanawa kwa maji ya pamoja. Hakukuwa na sindano, wala vita, wala ngumi. Maji ya pamoja ndiyo yaliyoshukiwa.

Badala ya ndoo, tumia chupa ya kuminya kwa vidonda, na kila mchezaji awe na chupa yake ya kunywa na taulo lake, vyenye jina. Kinga ya meno ya bondia haiazimwi, hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Maji ya kujipoza kichwani yamwagwe kwa kikombe kutoka kwenye ndoo iliyofunikwa, na hakuna mkono wala kitambaa kinachoingia ndani.

Utajua umefanikiwa mechi ikiisha na maji ya kupoza yaliyobaki ndooni ni meupe kama yalivyoingia.

## Hatua ya 4: Zuia wembe kambini

Jambo hili watu hawapendi kulisema hadharani, na ndiyo maana linaendelea.

Katika kambi za timu wembe mmoja hufanya kazi nyingi: kukatia plasta, kunyolea, kuumika mchezaji mwenye mguu uliovimba, na usiku wa kuamkia mechi kuchanjia chale. Sijadili hapa imani ya mtu. Nasema kwamba wembe uliopita kwenye ngozi ya wachezaji kumi na mmoja umebeba damu ya wote waliotangulia, na kocha aliyeushika naye yumo.

Weka amri tatu, zisomwe siku ya kwanza ya kambi:

Wembe wa kunyolea ni wa mtu mmoja, na baada ya kutumika unaingia kwenye chupa tupu ya jiki, unafungwa. Hijama, yaani huko kuumika, haifanyiki kambini. Anayeihitaji aende kwa mtaalamu anayetumia vifaa vipya mbele ya macho yake. Na kocha hachomi sindano, iwe ya maumivu au ya vitamini, hata akiombwa na mchezaji wake bora dakika tano kabla ya filimbi. Sindano ni kazi ya mhudumu wa afya.

Chale za pamoja nazo ni mwiko. Ukigundua zilishafanyika, usiishie kugomba. Wapeleke vijana wote wakapimwe.

## Hatua ya 5: Damu inapotoka

Tuseme ni Jumamosi, uwanja wa vumbi kule Makorora. Beki wa kati amegongana kichwa na mshambuliaji. Nyusi imepasuka, damu inamshuka shavuni hadi kwenye kola. Nyusi hutoa damu nyingi kuliko ukubwa wa kidonda, kwa hiyo wingi wake usikupagawishe.

Kwanza, mtoe. Sheria ya 5 ya soka inamtaka mwamuzi ahakikishe mchezaji anayevuja damu anatoka, na asirudi mpaka damu ikatike na vifaa vyake visiwe na damu. Kikapu na pete nayo ina kanuni za kumtoa mwenye damu. Sheria iko upande wako, usibishane na refa.

Vaa glavu ukiwa bado hatua mbili kutoka kwake. Ukishafika karibu, damu na huruma vitakuwahi.

Mpe gozi nene, mwambie abane mwenyewe. Sauti yako iwe tulivu: "Bana hapo, usiachie, mimi nipo." Mchezaji mwenye fahamu zake anaweza kuzuia damu yake sawasawa na wewe, na damu yake haimdhuru. Hapa ndipo unapopata sekunde za kuvaa miwani, kuita msaidizi na kufikiri.

Simama ubavuni kwake. Usikae uso kwa uso. Mwenye damu mdomoni atatema, mwenye damu puani atapiga chafya, na vyote vitaelekea mbele. Kwa majeraha ya uso, miwani na barakoa ni lazima.

Subiri dakika 10 bila kuchungulia. Makocha wengi wanafunua kila dakika kuona kama imekatika, na kila wakifunua wanalibandua donge lililoanza kuganda. Damu ikipenya gozi, ongeza nyingine juu yake, ya chini usiitoe.

Osha kwa chupa ya kuminya, maji yashuke taratibu kutoka juu ya kidonda kwenda chini. Ukiminya kwa nguvu maji yanagonga na kukurudia usoni. Usiweke jiki, spiriti wala mafuta ya taa kwenye kidonda. Kisha kausha, funika, funga. Kidonda kilichoachama kinahitaji nyuzi: hospitali, si plasta mbili.

Damu ya pua iko hivi: mchezaji aketi, ainame mbele kidogo, abane mwenyewe sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 akipumua kwa mdomo. Asiinamishe kichwa nyuma, damu itashuka kooni na atatapika.

Wakivuja wawili kwa pamoja, vua glavu na uvae mpya kabla ya kwenda kwa wa pili. Glavu zile zinakulinda wewe, lakini zinambebea yeye damu ya mwenzake.

Mchezaji akiwa amezimia, kujibana hawezi. Hapo utabana wewe, kwa glavu na gozi nene. Ukikutwa bila glavu kabisa, weka chochote kinene kati ya mkono wako na damu, jezi iliyokunjwa mara kadhaa au mfuko wa taka, kisha nawa mara tu unapomaliza.

## Hatua ya 6: Vua glavu bila kujipaka

Nimeona watu wakifanya yote vizuri hadi hapa, halafu wakavuta glavu kwa vidole kama wanavua soksi, damu ikawarukia mkononi. Jifunze kwa glavu zilizopakwa rangi ya chakula au sharubati ya rosela, nyumbani, kabla ya kuhitaji.

Kwa mkono wa kulia wenye glavu, bana upande wa nje wa glavu ya kushoto, chini ya kiganja karibu na kifundo, bila kugusa ngozi. Ivute kuelekea vidoleni huku ikijigeuza ndani nje. Ikishatoka, ifumbate yote ndani ya ngumi ya mkono wa kulia.

Sasa mkono wa kushoto uko wazi. Ingiza vidole viwili vyake chini ya ukingo wa glavu ya kulia, upande wa ndani unaogusana na ngozi yako, uisukume itoke ikijigeuza. Ya kwanza itabaki imemezwa ndani ya ya pili, na upande wenye damu wote uko ndani.

Tupa kwenye mfuko wa taka, kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, kati ya vidole na chini ya kucha. Sanitaiza ni ya pale maji yalipokosekana na mikono haina uchafu unaoonekana. Glavu zilizotumika hazioshwi zikavaliwa tena.

Utajua umefanikiwa ukimaliza zoezi la sharubati na hakuna hata doa moja mikononi wala kwenye mikono ya shati.

## Hatua ya 7: Safisha damu iliyomwagika

Utahitaji jiki iliyochanganywa kwa kipimo. Jiki tupu inaharibu vitu, na iliyozidishiwa maji haiui.

Soma kwenye chupa asilimia ya klorini. Lengo lako ni asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Ya asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 9. Kwa nyingine yoyote, gawanya asilimia iliyoandikwa kwa 0.5, kisha toa 1. Jibu ndilo idadi ya vikombe vya maji.

Changanya asubuhi ya siku ya mechi, mahali penye hewa, kwenye chombo chenye mfuniko. Cha jana kimwage, maana jua na joto hukipunguza nguvu. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya usafi, inatoa hewa inayochoma mapafu.

Kwenye sakafu ya saruji, benchi au matresi ya ngumi: vaa glavu nene, funika damu kwa karatasi, inywe yote, weka karatasi kwenye mfuko. Ndipo umwage dawa juu ya doa, uiache dakika 10, ufute, uoshe kwa maji na sabuni. Watu wengi wanamwaga dawa juu ya damu iliyotuama kisha wanafuta papo hapo. Damu yenyewe huila klorini, hivyo ondoa damu kwanza, na dakika 10 zisipunguzwe.

Kwenye uwanja wa vumbi jiki haina kazi, udongo unaimaliza nguvu. Chota kwa koleo mchanga wote ulioloa, ufukie pembeni mbali na mkondo wa maji, usawazishe. Kwenye nyasi, mwagia maji mengi.

Matresi au glavu za ngumi zilizopasuka na kutoa sifongo haziwezi kusafishwa zikatakata. Zishonwe au zitupwe.

## Hatua ya 8: Jezi na taka

Jezi yenye damu ivuliwe, iingie kwenye mfuko wake peke yake ulioandikwa namba. Isirushwe kwenye rundo. Anayefua avae glavu nene, aloweke kwanza kwa maji baridi ili damu itoke, kisha afue kwa sabuni na maji ya moto, aanike juani. Jiki itafubaza rangi, kwa hiyo haina ulazima hapa.

Gozi na glavu zilizotumika: mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ifungwe. Zungumza mapema na kituo cha afya kilicho jirani mkubaliane upeleke taka hizi na chupa ya nyembe wakachome kwenye kichomea taka chao. Zikitupwa kwenye jalala la chuo, paka na mbwa watazitawanya hadi bwenini.

## Hatua ya 9: Damu ikikufikia

Soma sehemu hii leo, ukiwa umetulia. Ikitokea, hutakuwa na utulivu.

Kinachohesabika ni kuchomwa au kukatwa na kitu chenye damu ya mwingine, damu kuingia kwenye kidonda chako kilicho wazi, au kurukia jicho, pua au mdomo. Damu iliyogusa ngozi nzima ukanawa haihesabiki.

Dakika ya kwanza. Kidonda: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue, usikinyonye, usimwagie jiki. Jicho: lishikilie wazi, msaidizi amwagie maji safi mfululizo kwa dakika 15. Mdomo: tema, sukutua mara kadhaa kwa maji.

Saa ya kwanza. Kabidhi timu kwa msaidizi uondoke. Hapa ndipo makocha wanapojimaliza: "Ngoja mechi iishe," kisha "ngoja Jumatatu." Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Ajali ya Ijumaa jioni ikisubiri hadi Jumatatu usiku imepitwa.

Ukiwa mjini, nenda Bombo, idara ya dharura, saa yoyote. Mkisafiri kwa mashindano, iwe Handeni, Lushoto au mkoa mwingine, siku ya kufika uliza kituo gani kina huduma ya CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) na nani anatoa PEP usiku na wikiendi. Andika jibu ndani ya mfuniko wa sanduku.

Mapokezi sema moja kwa moja: "Nimepata ajali kazini, damu ya mtu mwingine imeniingia jichoni, saa kumi na nusu leo. Nahitaji kuonwa kwa ajili ya PEP na homa ya ini B." Onyesha kadi yako ya chanjo. Usione haya. Wahudumu wenyewe hupata ajali hizi.

Kuhusu mchezaji. Muombe kwa heshima, faraghani, kama yuko tayari kupimwa. Akikubali, mpimwe wote. Akikataa, basi, Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya 2008 hairuhusu kumlazimisha, na matibabu yako hayasubiri jibu lake. Usimuulize hali yake mbele ya wenzake, wala usikisie kwa kumtazama.

Siku 28. Ukipewa PEP, ni kila siku kwa siku 28. Kichefuchefu kikikusumbua, rudi kliniki. Usiache mwenyewe siku ya tano kwa sababu unajisikia mzima. Kama hujachanjwa homa ya ini B, omba dozi ya kwanza siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kwa homa ya ini C hakuna dawa ya kuzuia, kuna kupimwa; na ikigundulika mapema, vidonge vya wiki chache huitibu ikapona.

Utapimwa siku ya kwanza, kisha kwa tarehe utakazopangiwa, kwa kawaida wiki ya 6 na mwezi wa 3. Katika muda huo tumia kondomu na usichangie damu. Anayenyonyesha amweleze daktari siku ya kwanza. Mwenzi wako mweleze mapema, kwa utulivu. Ni ajali ya kazi, na ukificha vidonge chini ya godoro utaleta mashaka yasiyokuwepo.

## Hatua ya 10: Andika usiku huohuo

Fungua daftari la matukio la idara ya michezo. Andika tarehe, saa, mahali, kilichotokea, sehemu ya mwili iliyofikiwa na damu, ulichofanya, kituo ulichokwenda na saa uliyofika. Sahihi yako na ya shahidi mmoja. Nakala kwa mkuu wa chuo.

Sababu ni mbili. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kazini kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na bila maandishi dai lako halina mguu. Pili, matukio matatu ya aina moja kwenye kurasa moja yatakuonyesha tatizo liko wapi: goli lenye msumari, kona ya uwanja yenye vigae, msaidizi asiyevaa miwani.

Jina la mchezaji aliyevuja damu na majibu ya vipimo, vyake au vyako, havimo katika daftari hilo. Vinabaki kliniki. Tarehe zako za kurudi kupimwa ziandike kwenye simu yako mwenyewe, uziwekee kengele.